Mtu Akiondokewa na Kazi, Hubaki na Nini?

Neno kibarua lina historia ambayo wengi walitumiao kila siku hawaikumbuki. Asili yake ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, mtu aliyekodishwa kwa kazi ya kutwa, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa aliyetolewa na bwana wake ili arudi jioni na sehemu ya ujira, alipewa karatasi iwe ushahidi wa kazi aliyoifanya. Muda si muda jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Tangu hapo huitwa kibarua, na wenzake huitwa vibarua, kwa viambishi vile vile vya kiti na viti. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa Kiswahili ajua kwamba husemwa kibarua amekuja, wala haisemwi kibarua kimekuja. Sarufi imekataa kulipitisha jambo ambalo msamiati ulilikubali.

Mvutano huo haumo katika lugha peke yake. Umo pia katika maisha ya watu wa leo, na umo katika madarasa ya shule za sekondari. Mtoto huulizwa: ukikua utakuwa nani? Naye hujibu: daktari, rubani, mhandisi, mwanasheria. Swali lilihusu nafsi, jibu likahusu ajira, na hakuna aonaye kwamba pana kasoro yoyote. Watu wazima nao wakikutana katika basi, baada ya salamu na habari za nyumbani, huulizana wafanya kazi wapi; na asiye na jibu hutazama nje ya dirisha.

Iwapo ajira ingekuwa kitu cha kudumu, mazoea hayo yasingekuwa na madhara makubwa. Lakini haikuwa hivyo hata kwa wale waliodhani wameshika mti usiong'oka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, wafanyakazi wa mashirika yake ya reli, bandari, ndege na posta waliona mwajiri wao akitoweka katika ramani. Na madai yao ya mafao yaliendelea kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1990 mamia ya mashirika ya umma ya Tanzania yalibinafsishwa au kufungwa, na neno kupunguzwa likapata maana mpya iliyoogopwa katika kila nyumba ya mshahara. Mwezi Machi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, walimu wengi wa shule za binafsi nchini Kenya walikaa miezi mingi bila mshahara, kwa maana shule hizo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Na hata kama hakuna shirika livunjikalo wala maradhi yaingiayo, ipo siku ya kustaafu, ambayo kwa watumishi wengi wa umma huwadia wakiwa na umri wa miaka 60.

Basi swali la kisayansi ni hili: mtu akiondokewa na kazi, huondokewa na nini hasa? Jibu la haraka ni fedha. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, na kutotosha kwake kulithibitishwa katika kijiji kimoja cha Austria karibu miaka mia moja iliyopita.

Kijiji hicho huitwa Marienthal, nacho kiko kusini-mashariki ya mji wa Vienna. Kilizaliwa na kiwanda. Tangu mwaka 1830 watu wake walisokota nyuzi na kufuma nguo, na nyumba walizokaa zilikuwa za kiwanda. Kati ya mwaka 1929 na mwanzo wa mwaka 1930 mdororo mkuu wa uchumi wa dunia uliusimamisha mtambo mmoja baada ya mwingine, hata kiwanda chote kikafungwa, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi kwa pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1931 kundi la watafiti vijana kutoka Vienna lilikwenda huko. Waliotia saini matokeo ya utafiti, yaliyochapishwa mwaka 1933, ni Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Jahoda alikuwa hajatimiza hata miaka 25 kazi ilipoanza.

Namna walivyofanya kazi yastahili kuangaliwa na kila mwalimu afundishaye mbinu za utafiti. Waliweka sharti kwamba asiwepo mtafiti hata mmoja ambaye atakaa kijijini kama mtazamaji tu. Kila mmoja alipaswa kuwa na manufaa kwa wenyeji: mmoja aligawa nguo zilizokusanywa Vienna, mwingine alishughulika na matibabu ya bure, mwingine alifundisha ushonaji. Wakiwa katika shughuli hizo waliona na kusikia mambo ambayo hojaji isingeyafichua. Zaidi ya hayo walipima. Walihesabu vitabu vilivyoazimwa maktabani. Waliandika chakula kililiwa nini katika kila nyumba. Waliwaomba watu wajaze karatasi za saa, kuonyesha kila saa ya siku ilitumikaje. Mtafiti mmoja alikaa dirishani akihesabu mwendo wa wapita njia na mara ngapi walisimama.

Yaliyoonekana yalikwenda kinyume na matarajio ya wengi. Ilidhaniwa kwamba watu waliokuwa wakilalamika kukosa nafasi, sasa wangekuwa na nafasi tele ya kusoma, kucheza, kuhudhuria mikutano na kuendeleza vyama vyao. Kijiji hicho kilikuwa kimejaa uhai wa namna hiyo wakati wa kazi. Lakini maktaba, ingawa haikudai tena ada, iliazimisha vitabu vichache kuliko zamani. Vyama vilififia. Bustani kubwa ya hadhara, ambayo kijiji kilijivunia, iliachwa ikaota magugu, na hali mikono ya kuipalilia ilikuwa imekaa bure hatua chache kutoka hapo.

Wanaume walikuwa na habari ya kusikitisha zaidi. Wengi wao waliacha hata kubeba saa. Walipovuka njia kuu ya kijiji walikwenda polepole, wakasimama mara kwa mara bila sababu. Karatasi zao za saa zilikuwa na nafasi nyingi tupu. Baada ya kuamka, kula na kulala, hawakukumbuka walifanya nini. Wanawake walitembea upesi zaidi na kusimama mara chache. Wao nao walikuwa wamepoteza mshahara wa kiwandani, lakini kupika, kufua, kushona viraka na kulea watoto havikufungwa pamoja na kiwanda, na kwa hiyo siku yao ilibaki na asubuhi, mchana na jioni. Mtu asifanye haraka kuhitimisha kwamba wanawake hao waliridhika. Wengi wao walisema wangefurahi kurudi kiwandani, pamoja na uzito wa kufanya kazi mbili, na sababu waliyoitaja haikuwa fedha peke yake.

Watoto pia walipimwa. Mwalimu aliangalia walichokuja nacho shuleni kula: siku iliyotangulia malipo ya msaada wengi walikuwa na mkate mtupu au hawakuwa na kitu, na siku iliyofuata malipo hali ilikuwa njema. Walipoombwa waandike watakacho kwa sikukuu ya Krismasi, thamani ya matakwa yao ilikuwa kiasi cha theluthi moja tu ya thamani ya matakwa ya watoto wa vijiji jirani, na baadhi yao walianza kwa masharti, kwamba kama wazazi wangekuwa na kazi wangeomba kitu fulani. Kiwanda kilipofungwa kilipunguza hata ukubwa wa ndoto za watu ambao hawakuwahi kuajiriwa nacho.

Jahoda aliendelea kulifikiri jambo hilo kwa nusu karne. Alifungwa gerezani na utawala wa kidikteta wa Austria mwaka 1936, akahamia Uingereza mwaka 1937, akawa profesa huko, na baadaye akaeleza kwa ufasaha kile ambacho kijiji kilikuwa kimemfundisha. Ajira, alisema, ina faida moja iliyo dhahiri, yaani ujira. Lakini ina faida nyingine tano zilizojificha, ambazo mfanyakazi hazioni mpaka zimtoke. Huipanga siku kwa saa. Humkutanisha mtu na watu wasio wa ukoo wake. Humwunganisha na lengo lililo kubwa kuliko yeye. Humpa cheo na jina mbele ya wengine. Na humlazimisha kufanya jambo, hata siku ambayo moyo haupendi.

Tafiti za karibuni zimeipa hoja hiyo nguvu. Katika kambi za wakimbizi Warohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, watafiti waliwagawa watu 745 kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa kazi ya malipo, wengine walipewa fedha zilizolingana na malipo hayo bila kazi, na wengine kiasi kidogo tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba waliopewa kazi walipata nafuu ya moyo na akili kubwa zaidi kuliko waliopewa fedha pekee. Lililo la ajabu ni kwamba wafanyakazi hao walipoulizwa baadaye, asilimia 66 walikuwa tayari kuendelea na kazi kwa wiki moja bila malipo yoyote kuliko kupokea fedha na kukaa. Hao ni watu maskini kupindukia, na wala si matajiri wanaotafuta cha kupitishia wakati.

Wapo watakaosoma habari hizi na kuhitimisha kwamba dawa ni ajira na si kingine. Hitimisho hilo lina ukweli nusu. Orodha ya Jahoda ikisomwa vizuri, hakuna hata moja kati ya zile faida tano ambayo ni lazima itoke kwa mwajiri. Saa za siku zaweza kupangwa na shamba, na swala, na mazoezi ya kwaya, na mtoto anayenyonya. Watu wasio wa ukoo hukutana katika chama cha ushirika, katika timu ya mpira, katika upatu. Ajira ya kisasa imezikusanya faida hizo tano na mshahara juu yake, ikazitia katika kapu moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyelelewa kuchota kila kitu katika kisima kimoja hana mahali pa kwenda siku kisima kinapokauka.

Hata kabla hakijakauka, hofu tu yatosha kumdhuru. Uchunguzi mkubwa wa afya za watumishi wa serikali mjini London, ulioanza mwaka 1985 na kuhusisha watu zaidi ya 10,000, ulibahatika kuwa umekwisha kuanza pale idara moja ilipotangaziwa kwamba itabinafsishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1995 yalionyesha kwamba afya za watumishi wa idara hiyo, kwa maelezo yao wenyewe, zilikuwa zimezidi kuzorota kulingana na za wenzao wa idara nyingine, wakati ambapo bado walikuwa kazini na bado walikuwa wakilipwa.

Afrika Mashariki haina haja ya kusubiri kufundishwa kwamba mtu aweza kuwa na majina mengi. Pwani hii ilijua hivyo zamani. Katika miaka ya 1890 ulizuka mchezo wa ngoma uitwao beni, ulioiga bendi na gwaride la Kizungu, ukaenea toka Lamu na Mombasa hadi bara ya Tanganyika na kufikia hata migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Vyama vyake mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti. Ndani ya vyama hivyo mlikuwa na wafalme, majenerali, na madaktari. Mpagazi wa bandarini au mtumishi wa nyumbani, ambaye mchana aliitwa boi na mtu mdogo kwake kwa umri, aliweza jioni kuvaa nishani na kuamuru kikosi. Serikali ya kikoloni iliutilia mashaka mchezo huo, na wapo wasomi wa baadaye waliouona kuwa uigaji wa kipuuzi. Lakini aliyechungulia ndani aliona jambo jingine: chama kilimpokea mgeni mjini, kilimuuguza mgonjwa, na kilimzika maiti kwa heshima. Jenerali wa beni alipofukuzwa kazi hakuvuliwa ujenerali.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na darasa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944. Kisha akahamishiwa idara ya wanyamapori, baadaye ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji. Mwajiri wake alimjua hivyo. Kusadikika kilipotoka mwaka 1951, mtunzi wake alikuwa mtumishi wa ofisi ya wilaya. Wanafunzi wanaofanya mtihani juu ya maandishi yake hawajui, na hawana haja ya kujua, alikuwa na daraja gani la mshahara. Wala haielekei kwamba aliidharau kazi ya ukarani. Aliishi kwayo miaka zaidi ya 30. Tofauti ni kwamba haikuwa yote aliyokuwa nayo.

Na yuko aliyeligeuza jambo hili chini juu. Julius Nyerere aliacha kufundisha mwaka 1955, lakini aliendelea kuitwa Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999, kupitia uwaziri mkuu, urais, na miaka ya kustaafu aliyolima kwake Butiama. Katika kisa chake jina la kazi lilikwisha kukatika na orodha ya mishahara likawa jina la mtu. Walimu wa leo wangefaa kulifikiri hilo. Mwalimu anayestaafu baada ya miaka 35 hupoteza kengele. Kengele ilimwamsha, ilimwingiza darasani, ilimtoa, ilimpeleka nyumbani. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu huamka saa 11 kama kawaida yake, akavaa, halafu akakaa. Ikiwa ualimu wake ulikuwa kengele, umekwisha. Ikiwa ulikuwa kupenda kueleza jambo gumu mpaka lieleweke, basi kijiji kizima kimejaa wanafunzi.

Katika elimu ya nafsi, fikra hii ina jina na ina ushahidi, japo ushahidi wenyewe una mashimo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Patricia Linville, alitoa hoja katika miaka ya 1980 kwamba watu wanaojifahamu kwa sura nyingi zilizotengana, kwa mfano mzazi, mchezaji, mwimbaji, jirani, hawaangushwi sana na pigo lililoipata sura moja, kwa sababu maumivu hayasambai kote. Hoja hiyo ilipendeza na ilienea upesi. Lakini tafiti nyingi zilipokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2002, uhusiano ulionekana dhaifu kuliko ulivyodhaniwa. Haitoshi kuwa na majina mengi. Mtu mwenye vyeo 10, vyote vya kuhangaisha, hana kimbilio bali ana taabu 10. Linaloelekea kufaa ni kuwa na pengine hata viwili tu, mradi kila kimoja kisimame kwa miguu yake.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu huchanganywa. Katika miaka ya 1980 mishahara ya Tanzania ilipoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na watumishi wakaingia katika miradi. Karani alifuga kuku, mhasibu alifuga ng'ombe wa maziwa, mwalimu alifundisha masomo ya ziada au mkewe alichoma vitumbua asubuhi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na mshahara zaidi ya mmoja au kupangisha nyumba, na sharti hilo lililegezwa rasmi mwaka 1991, baada ya maisha kuwa yamekwisha kulilegeza. Miradi iliokoa familia nyingi, na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini mradi wa kuku unaofanywa kwa sababu mshahara hautoshi si nafsi ya pili. Ni zamu ya pili. Mtu aliyechoka mara mbili hana muda wa kwaya, wala wa chama, wala wa kumsikiliza mtoto wake. Usalama wa mkoba na usalama wa nafsi husaidiana, ila mmoja hauwi badala ya mwingine. Na semina zinazowahimiza vijana wajiajiri huzungumza juu ya ule wa kwanza kana kwamba wa pili utakuja wenyewe.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Nalo ni kumwambia mtu aliyekosa kazi kwamba tatizo lake ni kutokuwa na burudani. Marienthal yakanusha hilo. Watu wa kijiji kile walikuwa na viunga vidogo vya kulima na walifuga sungura, na baadhi yao, wakiwa na njaa, walitenga sehemu ya viunga hivyo kuotesha maua badala ya viazi, kwa sababu moyo nao huhitaji chakula. Hata hivyo msaada ulipokwisha muda wake na nguo zikachakaa, moyo uliporomoka pamoja na kipato. Watafiti waliweza karibu kutabiri hali ya familia kwa kuangalia ni kiasi gani cha fedha kilichobaki. Sheria nayo iliongeza ukatili. Mtu aliyeonekana akipata chochote kwa kibarua kidogo aliweza kunyimwa msaada, na ilimtokea hata aliyepiga kinanda cha mdomo akapewa senti. Yaani aliadhibiwa kwa kujaribu kubaki kuwa mtu. Kwa hiyo pensheni, kiinua mgongo kinacholipwa kwa wakati, na mifuko ya hifadhi inayomfikia mchuuzi na mkulima, si mambo ya wanauchumi peke yao. Kwa hesabu za Shirika la Kazi la Kimataifa, mwaka 2023 ni nusu ya watu wa dunia na zaidi kidogo tu waliokuwa na hifadhi ya jamii ya aina yoyote, na Afrika iko nyuma sana ya wastani huo. Nafsi haijengwi juu ya tumbo tupu.

Wakuu wa shule huenda wakahofia kwamba mafundisho ya namna hii yatawalegeza vijana, nao watakumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Anayeijua kazi yake kuwa sehemu ya maisha yake aweza kuifanya kwa bidii bila kuiogopa. Anayeijua kuwa maisha yake yote huifanya kwa woga, na mwenye woga hasemi ukweli kwa mkubwa wake, haripoti mtambo mbovu, na huficha kosa mpaka liwe ajali. Nchi inayotaka wahandisi na wauguzi waaminifu inahitaji wahandisi na wauguzi ambao wangebaki watu hata wakifukuzwa.

Kwa upande wa shule, mambo machache yangeweza kubadilika bila kungoja fedha. La kwanza ni jembe. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kwamba kazi ya mikono iwe sehemu ya heshima ya mwanafunzi. Katika shule nyingi jembe limekuwa adhabu ya wachelewaji. Kijana aliyelima kwa kuadhibiwa miaka minne amefundishwa vizuri kabisa kwamba kazi isiyo na mshahara ni fedheha, na somo hilo atalikumbuka siku atakapokosa mshahara. La pili ni vyama vya shuleni: vya maigizo, vya sayansi, vya uandishi, vya mpira. Hivi hufutwa kila mtihani wa taifa unapokaribia, kana kwamba ni mapambo. Ukweli ni kwamba, kwa wanafunzi wengi ambao hawataajiriwa upesi, ndivyo vitakavyobaki mkononi. Zaidi ya hapo, ni aibu kwamba kijana humaliza kidato cha sita akijua mzunguko wa naitrojeni lakini hajui mfuko wa hifadhi ya jamii hufanyaje kazi, nani hukatwa, na nani hudai.

Na kwa kuwa hili ni suala la sayansi, lafaa lianze kwa kipimo. Mwalimu wa uraia au wa biolojia aweza kurudia jaribio la Marienthal kwa gharama ya karatasi tu. Kila mwanafunzi achore jedwali lenye saa zote toka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Alijaze kwa siku 7 za muhula, akiandika kila saa alifanya nini na alikuwa na nani. Kisha alijaze tena kwa siku 7 za likizo, wakati hakuna kengele. Aandike siku ile ile, kwa sababu kumbukumbu za kesho yake hupambwa. Kama yuko nyumbani babu, shangazi au jirani aliyestaafu na akiridhia, naye ajaziwe karatasi moja. Darasa likirudi, zikusanywe bila majina, zihesabiwe saa tupu katika kila karatasi, na wavulana watenganishwe na wasichana kabla ya kupiga wastani, kwa sababu karatasi za wasichana huenda zikawa zimejaa zaidi wakati wa likizo kuliko wakati wa muhula, na hapo wanafunzi wataanza kubishana sababu ni nini.